Maswali ya Wasomaji: “Huku Mama Yako Ataona”

SWALI: Mhariri mpendwa, nina binti wa miaka 14, yuko kidato cha pili. Likizo iliyopita nilimwachia simu yangu ya zamani ili ajiunge na kundi la WhatsApp la wanafunzi wanaosaidiana Hisabati. Baada ya wiki mbili nikakuta ujumbe wa mtu anayejiita mwanafunzi wa kidato cha nne. Alianza na maswali ya aljebra, akamtumia bando, akamwomba picha akiwa amevaa sare, kisha akaandika: “Twende Telegram, huku mama yako ataona.” Nilimgombeza binti yangu, nikaifungia simu kabatini. Tangu siku hiyo hatuongei ila salamu. Je, nimekosea?
Mama wa watoto watatu, Morogoro

JIBU: Dada mpendwa, hofu iliyokupata ingempata mzazi yeyote, nami sikulaumu. Hata hivyo, litazame jambo hili kwa jicho la binti yako: aliyekosa ni yule mtu, lakini aliyeadhibiwa ni yeye. Kesho mwingine akimfuata kwa njia ileile, pengine kupitia simu ya rafiki yake, atalikumbuka kabati kabla ya kukukumbuka wewe, naye atanyamaza. Na ukimya wa mtoto ndio mtaji wa watu hawa.

Usome tena ujumbe ule, safari hii mkiwa wawili. Maswali ya aljebra yalikuwa ya kumzoesha. Bando lilimfanya ajione ana deni, na mtoto aliyelelewa vizuri huona haya kumnyima kitu mtu aliyemsaidia. Picha ya sare ilionekana haina ubaya, kumbe nembo ya kifuani humweleza mgeni mtoto anasoma wapi na wapi pa kumngojea saa za kutoka. Lile la kuhamia Telegram ndilo zito kuliko yote, kwa sababu mtu mwenye nia njema hana haja ya kumficha mtoto machoni pa mama yake. Mwonyeshe dalili hizi bila kumhoji kama mtuhumiwa, kisha umwambie waziwazi kwamba akikuletea mwenyewe jambo la namna hii hatanyang'anywa simu kwa kulisema. Ahadi hiyo uitimize hata siku utakayosikia jambo la kukutoa jasho.

Simu unaweza kumrudishia kwa masharti mtakayokubaliana, kwa mfano kwamba itatumika sebuleni na usiku italala chumbani kwako. Kabla ya hapo, fungueni sehemu ya faragha katika mipangilio ya WhatsApp, mchague kwamba waliohifadhiwa katika simu yake pekee ndio wawezao kuona picha yake na kumwingiza katika makundi. Sehemu hiyo isipobadilishwa, yeyote mwenye namba yake anaweza kumwingiza katika kundi asilolijua. Yule mtu msimzuie kabla ya kupiga skrinishoti za mazungumzo yote pamoja na namba yake. Zipelekeni kwenye Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, au mpige 116, namba ya huduma ya simu kwa mtoto, ambayo haitozwi fedha. Mjulishe pia anayesimamia kundi hilo, kwani huenda wamo watoto wengine walioandikiwa na ambao bado hawajasema.

SWALI: Mdogo wangu wa miaka 16 alimtumia picha ya utupu msichana waliyejuana Instagram. Sasa huyo “msichana” anadai shilingi 200,000, la sivyo ataisambaza shuleni kwao. Tumlipe yaishe?
Kaka mtu, Tanga

JIBU: Msilipe, hata nusu yake. Anayelipa huonyesha kwamba ana hela na ana hofu, na madai hurudi yakiwa makubwa zaidi. Acheni kumjibu, hifadhini vitisho vyake, mripoti akaunti hiyo kwa Instagram na mwende polisi. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, mdogo wako ni mtoto kwa kuwa hajafika miaka 18, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kusambaza picha za ngono za watoto. Ipo pia huduma ya bure iitwayo Take It Down, inayoendeshwa na NCMEC, kituo cha Marekani kinachoshughulikia watoto waliopotea na wanaonyanyaswa: picha yenyewe haitoki katika simu yake, bali hutengenezewa alama ya kidijitali ambayo Instagram, Facebook na mitandao mingine iliyojiunga huitumia kuitambua na kuiondoa.

Lakini hayo yatangojea mapambazuko. Usiku huu asiachwe peke yake, kwa sababu wapo vijana wa umri wake waliojidhuru kwa aibu ya jambo hilihili. Lala naye chumba kimoja, umwambie kwamba aliyetenda uovu ni yule anayemtisha, na asubuhi mwende kituoni pamoja.