Ukianza kusoma magazeti ya kwanza ya Wamarekani Weusi, anza na maandishi madogo

Insha yangu ya kwanza kuhusu Freedom's Journal, gazeti la kwanza la Wamarekani Weusi, ilirudi na swali moja la kalamu nyekundu: gazeti hili liliuzwa bei gani? Sikujua. Nilikuwa nimesoma tahariri moja baada ya nyingine, nikanukuu tamko la toleo la kwanza, New York, 16 Machi 1827, kwamba wahariri wake wanataka kujitetea wenyewe maana wengine wamewasemea mno. Bei ilikuwemo humohumo, kwa herufi ndogo: dola 3 kwa mwaka, zilipwe mapema kila nusu mwaka.

Ndugu unayeanza, usirudie kosa langu. Ubaguzi wa rangi utakupokea mlangoni, hauhitaji kutafutwa. Jinsia na tabaka ndizo zinazokaa pembeni mwa ukurasa.

Chukua hizo dola 3. Jirani yake kuna tangazo la shule ya B. F. Hughes, ya watoto Weusi wa kike na wa kiume, ada dola 2 hadi 4 kwa robo mwaka. Sasa mfikirie mama anayefua nguo za watu. Alipie gazeti au mtoto? Wahariri, Samuel Cornish na John Russwurm, walikuwa watu waliosoma, na mara nyingi waliwahubiria wenzao kuhusu mavazi, kelele na mwenendo wa mitaani. Ukishaijua bei, unaanza kusikia mahubiri yale yanatoka ngazi gani kwenda ngazi gani. Wala usiwahukumu haraka. Waliamini kwamba kila kosa la Mweusi mmoja lingetumiwa dhidi ya wote.

Barua za wasomaji usiziruke kamwe. Agosti 1827 mwanamke aliyejiita Matilda aliwaandikia wahariri kwamba hawajasema vya kutosha kuhusu elimu ya wanawake, na kwamba hesabu ya mwanamke isiishie kwenye kupima kina cha sufuria. Ni barua fupi. Mimi nimeisoma mara nyingi kuliko tahariri yoyote ya gazeti lile.

Angalia pia jina lililo kichwani pa gazeti, kisha uliza kazi ilifanywa na nani. Gazeti la Weusi la Provincial Freeman lilipoanza Kanada mwaka 1853, jina la mhariri lilikuwa la Samuel Ringgold Ward. Aliyelibeba gazeti ni Mary Ann Shadd, aliyetumia herufi za mwanzo tu, M. A., na wasomaji wakamwandikia wakidhani ni bwana.

Hapa ndipo ninapowaomba mkae muda mrefu zaidi: Memphis, mji wa jimbo la Tennessee, Marekani, 1892. Thomas Moss, tarishi wa posta, na wenzake walikuwa na duka la vyakula lililomnyang'anya wateja mfanyabiashara Mzungu wa mtaa huohuo. Machi, Moss, Calvin McDowell na Will Stewart walitolewa jela na genge, wakapigwa risasi. Ida B. Wells, mmiliki mwenza wa gazeti la Weusi la Free Speech, alikuwa rafiki wa Moss. Alijua hakuna mwanamke yeyote aliyeguswa, ingawa kisingizio cha mauaji ya namna hiyo kilikuwa mara nyingi heshima ya mwanamke Mzungu. Mwezi Mei akaandika kwamba hakuna anayeamini tena uongo mkongwe kuwa wanaume Weusi huwabaka wanawake Wazungu. Ofisi ikavunjwa akiwa safarini, naye akatishiwa kuuawa akirudi. Ukieleza kisa hiki kwa rangi peke yake, duka linapotea. Ukieleza kwa duka peke yake, hutaelewa kwa nini ni sentensi kuhusu wanawake Wazungu iliyowasha moto.

Jambo moja la kazi: nakala za Free Speech hutazipata kirahisi. Tafuta magazeti ya Wazungu wa Memphis ya mwisho wa Mei mwaka ule. Kwa hasira zao waliyachapa upya maneno ya Wells, na vijitabu vyake mwenyewe vitakusaidia kuyalinganisha.