Maboksi matupu ya vifaa: lipi libaki stoo, lipi litoke?

SWALI: Mtaalamu, stoo yetu imejaa maboksi matupu: la televisheni, la jokofu, la mashine ya kufulia, ya simu tatu, na mengine ambayo hata sikumbuki yalikuja na nini. Mume wangu hataki yatupwe, kwa sababu anaamini kwamba tukiyatupa tutapoteza waranti na kwamba siku tukihama tutayahitaji. Mimi naona mende wameanza kutoka humo. Je, kuna kanuni ya kitaalamu ya kuamua lipi libaki na lipi litoke?

JIBU: Hofu ya mume wako ina msingi, ila imechanganya mambo mawili ambayo wauzaji huyatenganisha, yaani haki ya kurudisha bidhaa na waranti. Katika muda wa kurudisha bidhaa, ambao mara nyingi huhesabiwa kwa siku au majuma, muuzaji anaweza kudai kifaa kirudi ndani ya boksi lake pamoja na vikingio, nyaya na kitabu cha maelezo, kwa sababu anataka kukiuza tena. Waranti huendelea baada ya hapo, nayo kwa kawaida huthibitishwa kwa risiti na kwa namba ya mfululizo iliyobandikwa kwenye mwili wa kifaa chenyewe. Someni kadi ya waranti ya kila kifaa, kwa kuwa masharti hayafanani, lakini msishangae mkikuta boksi halikutajwa kabisa, au limetajwa tu pale ambapo kifaa kinapaswa kusafirishwa kwenda kwa fundi. Kwa hiyo kila boksi libaki mpaka muda wa kurudisha upite. Ukishapita, pigeni picha ya lebo yenye namba, muihifadhi pamoja na picha ya risiti (karatasi ya risiti inayochapwa kwa joto hufifia, hivyo picha hiyo ina thamani kuliko boksi zima), kisha suala la waranti mlifunge.

Kuhama ndilo jambo linalostahili kufikiriwa kwa kina, na kanuni ninayoitumia ni hii: boksi hubaki iwapo kuna safari inayotarajiwa ambayo chombo kingine hakiwezi kuifanya vizuri kama lenyewe. Kifungashio kilibuniwa kwa ajili ya safari, hakikubuniwa kwa ajili ya kukaa. Albert Jones wa New York, aliyepewa hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi) ya karatasi iliyokunjwa mawimbi, kama ile iliyo ndani ya ukuta wa boksi, mwaka 1871, alikuwa anatafuta namna ya kufungia chupa na vioo vya taa visivunjike njiani. Maboksi yetu ya leo yanafanya kazi ileile, isipokuwa yamegawanywa sehemu mbili. Boksi la nje hubeba uzito wa maboksi mengine yanayopangwa juu yake na kuzuia mikwaruzo. Mapande meupe mepesi ya ndani, yaliyotengenezwa kufuata umbo la kifaa, ndiyo yanayopokea mshtuko: kifaa kinapoanguka, mapande hayo hubonyea kidogo, na kwa kuwa kifaa huchukua muda mrefu zaidi kidogo kusimama, nguvu inayokifikia hupungua. Aliyeyabuni alichagua pia mahali pa kukishikia kifaa. Televisheni bapa, kwa mfano, hushikwa kwenye kingo na pembe, na uso wa kioo huachwa bila kuguswa na kitu chochote kigumu.

Matokeo yake ni kwamba boksi lisilo na mapande yake ya ndani limepoteza sehemu kubwa ya thamani yake. Nimewaona watu wengi waliolitunza boksi la televisheni kwa miaka, ilhali mapande waliyatupa siku ya kwanza kwa sababu yalikuwa yanamwaga vijipunje sakafuni. Hao wamehifadhi karatasi. Kama mapande yenu yapo na kuna uwezekano wa kweli wa kuhama, la televisheni libaki, kwa maana kioo kipana na chembamba ni kigumu sana kukifunga kwa mablanketi, na hupaswa kusafiri kikiwa kimesimama. Kama mapande hayapo, litoke bila majuto.

Boksi la mashine ya kufulia halina sababu ya kubaki, lakini kuna kitu kilichokuja nalo ambacho watu hukitupa kwa kutokujua. Ikiwa mashine yenu ni ya mlango wa mbele, huenda ilifika ikiwa na bolti kubwa tatu au nne upande wa nyuma, ambazo fundi alizitoa kabla ya kuiwasha. Pipa la mashine hiyo huning'inia kwenye springi na vizuia mtikisiko, na bolti hizo hulifunga lisicheze safarini. Mkihama bila bolti, pipa litagonga huku na huko njia nzima, na hata boksi zuri namna gani halitalizuia. Zitafuteni bolti hizo, ziwekeni kwenye mfuko na muuandike jina. Jokofu nalo halidai boksi lake: lisafirishwe limesimama, mlango umefungwa kwa kamba, ubavu umekingwa kwa blanketi. Boksi lake ndilo linalokula nafasi kubwa kuliko yote na kurudisha faida ndogo kuliko yote, kwa hiyo ningeanza nalo.

Kwa maboksi ya simu nina maoni tofauti na wengi, kwani naona yabaki, ingawa si kwa sababu ya safari. Ni madogo, yana lebo yenye namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yenye tarakimu 15, na mnunuzi wa simu iliyotumika huridhika zaidi akiliona boksi lenye namba inayolingana na ya simu. Namba hiyo mnaweza kuipata kwa kubonyeza *#06#, lakini hilo linawezekana tu simu ikiwa mkononi, na siku mnayoihitaji zaidi ni siku ambayo simu imeibwa. Simu ikishauzwa, boksi liende nayo.

Sasa mende, ambao kwangu ndio sababu ya kufanya uamuzi juma hili. Ukuta wa boksi la kawaida una karatasi mbili bapa na katikati yao karatasi iliyokunjwa mawimbi, na kwa kawaida tabaka hizo hugundishwa kwa gundi ya wanga. Mende hupata humo giza, vijia vyembamba vinavyolingana na miili yao, na wanga wa kula. Baadhi yao hubandika vifuko vya mayai humohumo, na kifuko kimoja kinaweza kuwa na mayai zaidi ya 10. Kunyunyiza dawa juu ya boksi hakufiki ndani ya mawimbi. Boksi lenye vinyesi vinavyofanana na unga wa pilipili manga, au vifuko vya rangi ya kahawia kwenye mikunjo, litolewe nje siku hiyohiyo hata kama ni la televisheni.

Unyevu ni adui wa kimyakimya zaidi. Karatasi hunyonya maji kutoka hewani, na katika hewa yenye unyevu mwingi boksi linaweza kupoteza nusu ya uwezo wake wa kuhimili uzito, au zaidi, bila kuonekana limelowa. Bonyeza pembe kwa kidole gumba, maana pembe ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya mzigo. Ikibonyea kama mkate, au ukuta ukiwa umetuna, boksi hilo halitabeba televisheni tena, na kulihifadhi ni kujidanganya. Yatakayobaki yakae juu ya rafu, mbali na sakafu, ambako mchwa na unyevu huanzia, na mbali na jiko au kitu chochote chenye moto.

Kwa maboksi ya kawaida yasiyo na umbo la kifaa, yabakisheni machache yaliyo imara, tena yakiwa yamekunjuliwa. Boksi la sentimita 50 kwa 40 kwa 40 huchukua lita 80 likiwa limesimama. Likikatwa utepe na kulazwa, ukuta wake ukiwa na unene wa milimita 4, halifiki lita 6. Likunjeni kwenye mikunjo ya kiwandani tu, kwani mkunjo mpya huponda mawimbi na kuacha udhaifu wa kudumu. Na msiyatumie kuwekea picha na vyeti kwa miaka mingi: asidi na lignini (kijenzi cha mbao) iliyomo kwenye karatasi ya kawaida ya boksi hugeuza rangi ya vitu hivyo kuwa ya manjano.

Yanayotoka yaondolewe kwanza lebo zenye jina, anwani na namba ya simu, kisha yalazwe na kuwekwa pakavu mpaka yachukuliwe, kwa sababu karatasi iliyolowa au yenye mafuta mara nyingi haipokelewi na wanaorejeleza. Mapande meupe yatengwe, nayo yasichomwe kamwe, kwa kuwa moshi wake mweusi una sumu. Na boksi la televisheni, kama mtaamua libaki, liandikeni ubavuni mwezi na mwaka wa leo. Mkihama, au televisheni ikibadilishwa, au miaka miwili ikipita bila safari, lifanyieni tena jaribio la kidole gumba kabla ya kulirudisha kwenye rafu.