Mjomba, huku hakuna matibabu ya bure: jibu langu kutoka Houston

Shikamoo mjomba, na nyie wengine wote wa nyumbani Tanzania salaam nyingi. Nimechelewa kujibu maana nilipiga shifti mbili mfululizo na hili sio jambo la kujibu kwa voisi ya dakika moja, nimeona nikae chini niandike. Kwa ambao hawakuwepo, juzi tukiwa tunachangishana hela ya matibabu ya bibi mjomba alisema nyie huko Marekani serikali inawatibu bure, matajiri wanakatwa kodi wanagawiwa maskini, ndio maana hamtaki kurudi. Kaka naye akadakia kwamba hii bima ya afya kwa wote ni dhuluma, kwa nini yeye mzima wa afya amlipie mtu anayeumwa. Nawapenda wote wawili lakini wote mmekosea, kila mtu kivyake.

Naanza na mjomba kwa sababu ya umri. Mjomba, mimi nilikuja huku 2017 kwa bahati nasibu ya grini kadi na mwaka wa kwanza sikuwa na bima kabisa. Nafasi ilikuwepo, ukiingia nchini kihalali unapewa siku 60 za kujiandikisha kwenye lile soko la kununulia bima ya afya lililoletwa na sheria ya Obama ya 2010, na kama kipato chako ni kidogo serikali inakulipia sehemu ya mchango, ila mimi sikujua na hakuna aliyeniambia, siku 60 zikapita nikiwa natafuta kazi na chumba. (Wadogo zangu mnaojaza bahati nasibu kila mwaka, hilo la siku 60 liandikeni mahali.) Basi usiku mmoja tumbo likanikamata upande wa kulia, natapika, jasho linatoka, dada niliyekuwa naishi naye akanipeleka imejensi. Nilipokelewa vizuri, sikatai. Kuna sheria ya 1986 inayosema hospitali yenye imejensi lazima ikupime na kukutuliza kwanza bila kuangalia mfuko wako, na inashika karibu hospitali zote za nchi. Wakanitundikia dripu, wakanipiga picha ya tumbo, wakaniambia ni mawe ya nyongo, asubuhi wakanipa dawa za maumivu na karatasi ya kwenda kumuona mtaalamu. Hawakuyatoa hayo mawe, sheria haiwalazimishi kukutibu mpaka upone, inawalazimisha usife mikononi mwao.

Wiki tatu baadaye bahasha zikaanza kuingia. Ya hospitali peke yake, ya daktari peke yake, ya yule aliyesoma picha peke yake, huyo hata sura yake sijawahi kuiona. Ukijumlisha ni zaidi ya dola 11,000. Nilikaa kitandani nikalia mjomba, hiyo hela kwa huko nyumba inapauliwa. Sikuwaambia kwa sababu wiki ile ile ndio mlikuwa mnanisubiri na ada za watoto.

Aliyenitoa ni mama mmoja wa Kifilipino kazini, akaniambia usilipe kwanza, nenda kaombe fomu ya msaada, hospitali zisizo za faida zinatakiwa kisheria ziwe na utaratibu wa kuwapunguzia wasio na uwezo ila usipouliza hakuna atakayekutafuta. Nikajaza, nikapeleka salari slipu, wakafuta sehemu kubwa, iliyobaki nililipa kidogo kidogo miaka miwili. Upasuaji wenyewe nilifanyiwa kwenye mfumo wa hospitali za umma za kaunti yetu ya Harris, zile kama Ben Taub, ambazo mkazi mwenye kipato kidogo anachangia kidogo sana. Na mjomba hapa sikiliza vizuri, sehemu kubwa ya hela ya kuendesha hospitali hizo inatoka kwenye kodi ya majengo na viwanja. Texas hii hii, ambako ukitamka kwamba serikali igawane mali ya watu unaonekana mkomunisti, jimbo ambalo mshahara haukatwi hata senti ya kodi ya jimbo, mwenye jumba la milioni anakatwa kila mwaka na sehemu inaenda kumtibu mtu kama mimi. Mawe yangu yalitolewa kwa kodi za majumba ambayo mimi napita nje tu.

Kwa hiyo sio kweli kwamba hakuna kugawana, kupo, ila kumekaa kiajabu, kunategemea umri wako, jimbo lako, una watoto au huna, na ugonjwa wenyewe unaitwaje. Marekani nzima iliamua 1965, Rais akiwa Johnson, kwamba wazee wa miaka 65 na kuendelea watatibiwa kwa bima ya serikali inayoitwa Medicare na maskini watakuwa na yao inayoitwa Medicaid. Sheria ya Obama ikataka Medicaid ichukue watu wazima wote wa kipato cha chini, Mahakama Kuu ya nchi 2012 ikasema majimbo yasilazimishwe, mengi yakakubali hatimaye ila Texas ni kati ya 10 yaliyokataa mpaka leo. Sasa angalieni matokeo yake: hapa mtu mzima asiye na mtoto wala ulemavu hapati Medicaid hata awe fukara vipi, na akienda kwenye lile soko la bima anaambiwa ruzuku inaanzia kwenye mstari wa umaskini kwenda juu, wewe uko chini ya mstari hupati. Yaani anakosa msaada kwa kuwa maskini mno. Nina mtu nasali naye yuko hivyo, sukari inamla miguu taratibu.

Mimi siku hizi nina bima ya kazini. Kila wiki mbili nakatwa dola 110 na bado nikiugua natoa dola 3,000 mfukoni kwanza ndio bima ianze kulipa, wenyewe wanaita didaktibo. Juu ya hapo nakatwa dola 80 na kitu za pensheni ya taifa na karibu dola 20 za Medicare, ambayo nitaigusa nikifika miaka 65. Hizo dola 20 hawaniwekei mahali, zinatumika leo leo kwa wazee wa leo. Nina mzee namhudumia kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, alifanya kazi ya mafuta miaka mingi, ananiambia kila siku serikali iache hela za watu, kila mtu abebe mzigo wake. Nikimuuliza na Medicare yako je, anasema ile ni yangu niliilipia. Na ni kweli alikatwa kama ninavyokatwa mimi, simbishii, lakini moyo wake umeshapasuliwa mara mbili na makato ya mshahara wa mtu mmoja mara nyingi hayafiki huko. Asubuhi namuogesha kwa mikono yangu na salari slipu yangu inamlipia akilazwa hospitali. Sinung'uniki mjomba, wallahi sinung'uniki, nikimuangalia namuona babu. Nataka tu mjue kwamba kinachoitwa bure huku ni mimi. Wengi kwenye nyumba ile hata kitanda chao kinalipwa na Medicaid, maana Medicare haigharamii kukaa pale maisha yote, na ili Medicaid ikuchukue lazima kwanza umalize akiba zako mpaka ubaki na kama dola 2,000, nimeona watu waliokuwa na akiba ya maisha wakiimaliza yote kwa kuuguza mwili.

Na matajiri je. Wanalipa, tena asilimia yao ya kodi ya mapato inapanda mpaka 37 kwenye hela za juu kabisa. Ila ile pensheni ya taifa ina kikomo, mwaka 2025 ilikuwa mshahara ukifika dola 176,100 kinachozidi hapo hakikatwi tena, kwa hiyo bosi wa mabosi anaweza kumaliza makato yake Februari wakati mimi nakatwa mpaka mkesha wa Krismasi. Kuna wabunge wanataka kikomo kiondolewe, kuna wengine kina Bernie Sanders wanataka Medicare iwe ya kila mtu, na kuna wengi wanaona huo ni wizi. Huo mjadala upo tangu sijafika na sidhani utaisha nikiwa hapa.

Sasa kaka yangu. Wewe umeuliza kwa nini umlipie anayeumwa. Nitakujibu kwa mama, na naomba usikasirike.

Figo za mama zilipokufa unakumbuka tuliambiwa kusafisha damu mara tatu kwa wiki. Mama alikuwa mkulima, hakuwa na bima, na sisi wakati huo tuliona bima ni mambo ya waajiriwa wa serikali. Tukauza mbuzi, tukauza pikipiki yako, halafu tukauza shamba la machungwa la Muheza. Nani alinunua? Alinunua mwenye hela taslimu siku ile, kwa bei ya mtu anayejua muuzaji ana mgonjwa. Sasa niambie kaka, ile haikuwa kugawa mali? Mali ya babu yetu, miti ya miaka 30, ilitoka kwa mgonjwa ikaenda kwa mtu mzima wa afya mwenye nacho. Ugonjwa unagawa mali kila siku huko nyumbani, sema unagawa kwenda juu. Ukisema hutaki mali igawanywe, hujui kwamba sisi ilishagawanywa na sisi ndio tuliopokonywa. Na hela yenyewe ilitosha miezi michache, mnajua.

Nilivyoanza kazi huku nikakuta wagonjwa wa figo wanachukuliwa na gari, mara tatu kwa wiki, wanaenda kusafishwa wanarudi wanaangalia mpira. Nikauliza hawa nani anawalipia, nikaambiwa Medicare, tangu sheria ya 1972 ya wakati wa Nixon, ukiwa na figo zilizokufa na wewe au mwenza wako mlishafanya kazi mkakatwa, unaingia hata kama hujafika miaka 65. Siku ile niliingia chooni nikafungua bomba la maji ili wasinisikie. Nchi hii hii inayogombana kila uchaguzi kuhusu serikali kulipia matibabu, kwenye figo walishakubaliana zaidi ya miaka 50 iliyopita kwamba hakuna familia inayoweza ule mzigo peke yake. Mama yangu hakuwa mvivu kaka. Alikosa watu wengi wa kumchangia kabla hajaumwa.

Najua utaniambia bima ya huko ina mambo yake, unaenda na kadi unaambiwa dawa hiyo haimo kanunue duka la nje, foleni, majibu ya mkato dirishani. Ni kweli na msikae kimya kwa hilo, sheria imepita 2023 inayotaka kila mtu awe na bima, basi na nyie daini dawa ziwepo. Bibi mwenyewe anakumbuka enzi za Mwalimu Nyerere kutibiwa bure, na anakumbuka pia kwamba ile bure ilifika mahali unaenda na sindano yako na glovu zako, mpaka 1993 watu wakaanza kuchangia. Sikatai hata kidogo kwamba serikali inaweza kushindwa. Ninachokataa ni kusema mzima hana deni kwa mgonjwa, wewe huyo huyo unachangia harusi, unachangia msiba, juzi umemchangia bibi elfu ishirini na nimeona. Tofauti ni kwamba mchango wa ukoo unaanza mtu akishalazwa, na tuko watu kumi na nne, sita kati yetu hawana kazi.

Na hapa niseme ukweli ambao naogopa kuusema miaka yote. Bima yenu mpaka sasa ni mimi, na mimi siwezi. Bima ni watu wengi wazima wakimbeba mmoja, mimi ni mmoja nabeba wote. Mwaka jana niliwalipia wagonjwa wanne hospitali na mmoja tulimzika, nilifanya ovataimu mpaka mgongo ukakataa, na nilikuwa na uvimbe kwenye titi ambao sikwenda kuupima miezi mitano kwa sababu ya ile dola 3,000 ya kwanza. Nimeupima sasa, sio kansa, Alhamdulillah, msishtuke. Lakini miezi mitano ile nilikuwa nawatumia hela ya vipimo vyenu huku vyangu nimeviahirisha.

Kwa hiyo naomba tubadilishe. Hela ninayotuma kila mtu akianguka, naomba niitume mapema iwe mchango wa bima wa kaya zote tatu, ya bibi, ya mjomba na ya kwako kaka na shemeji, mwaka wa kwanza nalipa mimi wote, mwaka wa pili kila kaya inalipa nusu. Siku hizi natuma kwa kadi ya benki, maana tangu Januari 2026 ukituma kwa keshi dirishani serikali ya huku inakata asilimia 1 juu yake, so msisubiri ujumbe wa wakala. Mjomba wewe ndio mkubwa, naomba kesho uende kwenye ofisi ya bima uulize vifurushi vilivyopo, bei ya kaya, na hasa uulize kusafisha damu kumo au hakumo. Kaka nenda naye, na unitumie namba za vitambulisho vya taifa, za NIDA, za wote kabla ya Ijumaa nikipokea mshahara. Ya bibi ninayo.