Maswali Yenu: Muhuri wa Notari Sio Uwakili

Wiki hizi simu yangu hailali, maswali mengi ni ya uhamiaji na mengi yanatoka Marekani, kwa hiyo safari hii nimechagua matatu tu niyajibu vizuri. Nikumbushe kama kawaida, mimi si wakili, ni mkalimani, nimekaa miaka kwenye ofisi za mawakili nikiwa kile kiti cha katikati kati ya mteja na loya, na kwenye kiti hicho unasikia mengi.

Shikamoo anti. Tuko Houston. Mume wangu alikuja 2015 na viza ya mwanafunzi, ada ikamshinda akaacha chuo akaingia kwenye vibarua. Mi nina grini kadi, huu mwaka wa saba. Sasa ameletewa barua ya korti ya uhamiaji, tarehe iko wiki tatu mbele saa mbili na nusu asubuhi. Kuna kaka tunasali nae, ana muhuri wa notari kabisa, kamsainisha fomu kachukua dola 1,800 na kasema tusiende kortini manake tukienda ndo atakamatiwa hapo hapo, yeye ataifunga kesi kwa barua. Roho yangu haijatulia. – Mama wa wawili

Marahaba mdogo wangu. Roho yako iko sawa, huyo kaka ndo hayuko sawa.

Nianze na muhuri, manake huo ndo unatuponza sisi watu wa Afrika Mashariki. Nyumbani ukipita mtaani Dar au Nairobi ukaona kibao mlangoni kimeandikwa notary public unajua humo ndani kuna wakili, kasoma sheria, kaapishwa, ana vitabu vyekundu nyuma ya kiti. Huku notari ni karibu mtu yeyote aliyejaza fomu na kulipia ada kidogo jimboni, karani wa benki anao, kijana wa duka la kutuma vifurushi anao, na kazi yake ni kushuhudia kwamba sahihi ni ya kwako, basi. Walatino wameliwa hivyo hivyo miaka nenda miaka rudi kwa sababu kwao notario ni mwanasheria mzito, mpaka Texas hapo mlipo sheria inamkataza notari kujitangaza kwa jina hilo. Sisi hatuna hata wa kutuonya, tunaona muhuri tunatoa hela.

Wanaoruhusiwa kumsimamia mumeo ni wakili mwenye leseni, au mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria ambaye anafanya kazi ndani ya shirika lisilo la faida linalotambuliwa, na huyu wa pili muulize kama kibali chake kinafika mpaka kortini manake wengine wanaishia kwenye fomu za USCIS tu, ile idara ya uhamiaji inayopokea maombi. Wakili si lazima awe wa Texas, sheria ya uhamiaji ni ya shirikisho, loya mwenye leseni ya Minnesota anaweza kusimama na mumeo Houston. Jina lake unalitafuta kwenye tovuti ya chama cha mawakili au ya mahakama ya jimbo lililompa leseni, ni dakika mbili, utaona kama yuko hai kwenye leseni au alishasimamishwa.

Sasa hiyo fomu. Hujasema ni fomu gani na hapo ndo nilishtuka. Hawa watu wa muhuri wanapenda sana I-589, fomu ya kuomba hifadhi, wanamsainisha mtu ikiwa tupu halafu wanakaa usiku wanatunga stori, mara aliteswa, mara chama cha upinzani, na mwenye sahihi hajui hata kilichoandikwa. Jaji akiamua kwamba maombi ya hifadhi yalikuwa ya uongo wa makusudi, mumeo anafungiwa kila faida ya uhamiaji Marekani, maisha yake yote, hata ile ya ndoa na wewe. Muombeni huyo kaka nakala leo, sio kesho. Ikija, nenda kurasa za mwisho, kuna sehemu ya aliyemsaidia mwombaji kujaza, anatakiwa aandike jina, anwani na asaini. Ukikuta pako tupu, yani kaandika maisha ya mumeo na hataki ijulikane ni yeye, umeshapata jibu lako. Akigoma kutoa nakala, wakili ataomba faili lenyewe serikalini.

Na kuhusu kutokwenda, hapana, hapana kabisa. Asipotokea jaji anatoa amri ya kuondolewa nchini bila yeye kuwepo, siku hiyo hiyo, na pamoja na amri hiyo anaweza kupoteza njia nyingi za kujitetea kwa miaka 10. Kuifungua tena inawezekana, ila unahitaji sababu nzito kweli ndani ya siku 180, au uthibitishe kwamba barua haikukufikia, na nyie imewafikia. "Notari aliniambia nisiende" ni sababu ambayo sitaki mumeo awe anaitetea mbele ya mtu.

Najua hofu inatoka wapi, ni kweli tangu 2025 watu wamekamatwa koridoni mwa korti za uhamiaji wakitoka kusikilizwa, sitakudanganya kwamba ni uvumi. Ndo maana aongee na wakili kabla ya ile siku, wakili anaweza kuiomba korti wasikilizwe kwa video, anaweza kwenda nae, anajua hali ya korti ya hapo. Hofu ni sababu ya kutafuta wakili, ila kukaa nyumbani kunaipa serikali amri bure.

Kwanza hakikisheni tarehe, manake zinabadilishwa. Kwenye barua kuna namba inaanza na A, pigeni 1-800-898-7180, ni mashine ya korti yenyewe na haitozi kitu, ingizeni hiyo namba itawasomea siku, saa na jaji. Mkihama nyumba korti lazima ijue ndani ya siku 5 za kazi kwa fomu EOIR-33 (EOIR ndo idara yenye korti za uhamiaji), na USCIS nao wanaambiwa kivyao ndani ya siku 10, ukiambia mmoja mwingine hajui, usiniulize kwa nini. Kikao cha kwanza ni kifupi, chumba kimejaa, kila mtu dakika chache. Kama mpaka siku hiyo hamjapata wakili, aseme jina lake, aseme anaomba muda wa kutafuta wakili, asianze kukubali tuhuma moja moja kwa heshima kama tulivyolelewa kumwitikia mkubwa ndiyo, ndiyo. Mara nyingi muda wanatoa, angalau mara ya kwanza.

Wakili wa bure wa serikali kwenye korti hii hakuna, ni haki yako kuwa nae ila kwa hela yako. Jiji la New York ndo lilianza 2013 kuwalipia wakili watu walioko kizuizini, Houston si New York. Lakini korti ina orodha ya mashirika ya msaada wa bure kwa kila jimbo, iko kwenye tovuti ya EOIR, halafu kuna Catholic Charities (sio lazima muwe Wakatoliki, usimwambie mchungaji wako nimesema), na vyuo vya sheria vina kliniki, University of Houston wana ya uhamiaji. Foleni ni ndefu. Pigeni kote, siku moja, muandike nani kajibu nini.

Halafu jambo ambalo nataka ulisikie wewe mke. Miaka saba na grini kadi na hujaomba uraia? Mlango ulifunguka mwaka wa tano. Mumeo aliingia na viza, alikaguliwa, alipigwa muhuri uwanja wa ndege, na hilo ni kubwa mno. Mke wa grini kadi akimwombea mume aliyepoteza hadhi yake, mara nyingi anakwama. Mke raia akimwombea, huko kupitisha muda kunasamehewa kwa aliyeingia kihalali, na jaji anaweza kumpa grini kadi hapo hapo kortini ombi la ndoa likishapita USCIS. Kwa hiyo N-400 yako, fomu ya kuomba uraia, inaweza kuwa dawa ya kesi yake, ila onyesha kwanza wakili, aangalie kama una kitu chochote nyuma, mathalani kama ulijiandikisha kupiga kura bila kujua ulipokuwa unachukua leseni ya gari, hiyo imewaponza wengi. Na mumeo asipande ndege kwenda nyumbani kwa ajili ya msiba wala harusi, hata kama anaambiwa mwanafunzi hesabu zake za siku za kukaa bila kibali ni tofauti. Ni kweli ni tofauti, na ndo maana azifanye mtu aliyesomea.

Jambo mama. Niko Portland, Maine, natoka Bukavu. Pale mupakani mutafsiri wa kwa telefone alikuwa anasema Swahili ya Tanzania, mimi nikisema hivi yeye anasema ingine. Nilisema niliuza piki-piki na ndugu yangu akauliwa. Sasa banasema hadisi yangu ya leo na ya pale hazifanane. Nifanye nini?

Jambo baba, pole sana na msiba. Hili linaniuma kwa sababu ni kosa letu wakalimani. Kwa wasiojua, Mkongomani wa Bukavu akisema "niliuza" ana maana alinunua, kuuza kwa maana ya Mtanzania yeye anasema kuuzisha. Kwa hiyo kwenye faili la serikali huyu baba aliuza pikipiki, halafu leo akisema alikimbia na pikipiki hiyo hiyo, afisa anajiuliza aliipata wapi. Na "ndugu" mkalimani akiandika kaka, baadae kwenye fomu ikaonekana ni mtoto wa baba mdogo, tayari unaonekana mwongo. Saa ndo usiseme, ukisema walikuja saa nane usiku, mtu anaandika nane badala ya mbili.

Wakili wako aombe maandishi ya yale mahojiano ya mpakani, mkae mpitie mstari kwa mstari na mtu wa Kivu, kila kosa la lugha mliandikie maelezo ya kiapo kabla jaji hajauliza. Kortini mkalimani analetwa bure, mwambie wakili aiandikie korti mapema kwamba ni Swahili ya Kongo, wakikosa basi Kifaransa au Mashi, lugha ya huko Bukavu, ile unayoota nayo. Ukisikia hamsikilizani sema pale pale, usingoje mwisho, manake kikao kinarekodiwa na malalamiko yako yanabaki kwenye rekodi. Ukitaja mtu taja uhusiano mzima, "mtoto wa baba mdogo", achana na ndugu. Na wengine wanaohojiwa ofisi ya hifadhi ya USCIS, sio kortini, tangu Septemba 2023 mkalimani unakuja nae mwenyewe, awe na miaka 18 na zaidi, na hawezi kuwa wakili wako wala shahidi wako.

Habari dada. Naendesha lori, nina grini kadi. Tuligombana na wife, majirani wakaita polisi. Wakili niliyepewa na korti anasema nikikubali kosa napata probesheni, sifungwi, kesi inaisha. Jumatatu ijayo ndo natakiwa kujibu. Nikubali yaishe?

Usikubali chochote bado. Korti ya jinai inaona probesheni ni nafuu, uhamiaji wanaona umekiri kosa la kumpiga mwenza na hilo lenyewe linatosha kukuondoa nchini, hata ule mpango wa "ukikaa vizuri mwaka tunafuta" kwao bado unahesabika kama hatia. Mwaka 2010 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya Jose Padilla, dereva wa lori kama wewe, mwenye grini kadi, wakili wake wa Kentucky alimwambia asijali uhamiaji kwa vile kakaa nchini muda mrefu. Mahakama ikasema wakili wa jinai ana wajibu wa kumwambia mteja hatari ya kurudishwa kwao. Huyo wakili wako anawajibika hivyo, mtumie imeili leo leo, muulize kwa maandishi: nikikubali shitaka hili, grini kadi yangu inakuwaje, na kuna shitaka jingine tunaloweza kuombea lisilonigusa? Kama hajui, ofisi nyingi za mawakili wa umma zina mtu wa kuwauliza mambo ya uhamiaji, aombe kuahirisha Jumatatu amuulize. Na mkeo, kama mnaongea, usimwambie aseme nini kortini, hiyo ni kesi nyingine kabisa.