Mnaoanza kujenga Hogwarts ya matofali, mnara usubiri

Juzi kijana mmoja amenitumia faili lake la Studio, programu ya kusanifu majengo ya LEGO kwenye kompyuta, nilitazame. Anajenga Hogwarts, lile kasri la shule ya uchawi ya Harry Potter, kwa matofali ya LEGO, na ameanza na mnara. Mnara mrefu, mwembamba, paa limechongoka, madirisha yamepangwa kwa mkono mzuri kweli. Nikageuza kamera nikatazama chini: hakuna mwamba, hakuna ukuta wa jirani, hakuna dalili ya mahali utakaposimama. Mwezi uliopita alikuja mwingine na mnara wake, na kabla yake mwingine. Wadogo zangu, nawapenda, na kazi zenu nazifungua kabla sijanywa chai ya asubuhi, lakini hili la minara limenichosha. Naliandika hapa lote, atakayeniuliza tena nitamwelekeza kwenye maandishi haya.

Nachukulia mnajua MOC (jengo unalolibuni mwenyewe) na SNOT (kujenga vinundu, vile vichomozo vya juu ya tofali, vikitazama pembeni badala ya juu), mna akaunti ya BrickLink, soko la mtandaoni la vipande vya LEGO, na hamchanganyi pleti (kipande bapa chenye vinundu) na taili (bapa laini kisicho na vinundu).

1. Skeli (uwiano wa jengo lako na lile halisi) kwanza, mengine baadaye.

LEGO wenyewe walipotoa kasri zima mwaka 2018, seti namba 71043, walitumia vipande 6,020, kwa sababu walijenga kwa skeli ndogo kabisa. Alice Finch alipolijenga kwa skeli ya vidoli vya kawaida vya LEGO, vyumba vikiwa na fanicha ndani, alitumia takriban matofali 400,000, akalionyesha BrickCon, maonyesho ya wajenzi wa LEGO kule Seattle, mwaka 2012. Kasri ni lilelile. Kwa hiyo ukiniambia "najenga Hogwarts" bila kutaja skeli, bado hujaniambia kitu.

Wengi mnakwama hapa kwa sababu mnakisia. Hesabu zenyewe ni nyepesi. Kidoli kina urefu wa karibu sentimita 4. Ukimhesabu kama mtu mzima, skeli inakuja karibu 1:42. Sasa chukua Ukumbi Mkuu, ule wanafunzi wanamolia chakula. Ule wa kwenye sinema umefuata ukumbi wa kulia chakula wa Christ Church, Oxford, wenye urefu wa kama mita 35 na upana wa kama mita 12. Gawanya kwa 42, kisha gawanya kwa milimita 8 za kinundu kimoja. Unapata vinundu kama 104 kwa 36. Bezipleti (sakafu bapa za kujengea juu yake) tatu za vinundu 32 kwa 32 zikipangwa mstari mmoja hazitoshi.

Ingia ndani sasa. Meza nne ndefu, kila moja vinundu 2, na benchi la vinundu 2 kila upande wa meza: hapo ni 24. Zinabaki 12. Njia ya katikati ipewe 4, maana ndipo watoto wa mwaka wa kwanza wanapopita kwenda kuvishwa kofia ya kuwachagulia bweni. Vijia viwili vingine vya kati ya meza, 2 kila kimoja. Kando ya kuta, 2 huku na 2 kule. Jumla 36, hakuna kilichozidi wala kupungua. Nilipoikokotoa mara ya kwanza niliweka kalamu chini nikacheka peke yangu kwa furaha, na hadi leo nikiona mtu amebana meza tatu kwenye ukumbi wa vinundu 20 roho inaniuma.

Ndiyo maana nawaambia mwanze na Ukumbi. Ukishaupata, una kipimo cha kila kitu: milango, ngazi, unene wa kuta, na mwisho kabisa urefu wa minara. Kama nyumbani hakuna nafasi ya ukumbi wa sentimita 83, shusha skeli ya kasri zima. Usishushe jengo moja moja, maana jicho litagundua hata kama mtazamaji hawezi kusema ameona nini.

2. Studio inakubali kila kitu.

Hili nitalieleza kirefu kwa sababu liliniumiza, na kwa sababu wengi wetu tunaojengea Nairobi, Dar au Mombasa tunaanzia kwenye kompyuta. Vipande vya kununua kimoja kimoja vinatoka mbali, nauli ya mzigo inaumiza, na programu ni bure. Kwa hiyo tunasanifu kwa muda mrefu sana bila kushika tofali hata moja, na mkono unasahau kile ambacho skrini haikijui.

Nilisanifu mnara wa pembe nane wenye roshani pande zote, na paa la mteremko mkali la kijani kilichopauka. Kwenye skrini ulikuwa mzuri, na nilikuwa nimeweka akiba ya fedha kwa ajili yake kwa muda mrefu. Nilipopakia orodha BrickLink, mistari michache ya paa haikupata muuzaji hata mmoja. Nikajiambia vimeisha kwa muda, vitarudi. Nikalipia vilivyobaki vyote kutoka maduka ya Ujerumani na Uholanzi, kila duka na nauli yake.

Vipande vile havikuwa vimeisha. Havikuwahi kutengenezwa katika rangi ile. Studio inakuruhusu kupaka kipande chochote rangi yoyote, na mimi sikuwahi kuficha rangi zisizopatikana, ingawa sehemu ya kufanya hivyo iko palepale kwenye paleti. Niligundua mzigo ukiwa umeshafika, ushuru umeshalipwa, kuta zimeshapanda.

Nikafanya ambalo kila mmoja wenu angelifanya: nikatafuta kipande kingine chenye rangi ile. Kilikuwepo, ila mteremko wake ulikuwa umelala zaidi. Paa lililolala zaidi, likiwa na kimo kilekile, linahitaji kitako kipana zaidi. Kitako kikipanuka kinatokeza nje ya ukuta. Basi nikaisogeza roshani nje ili ikibebe, na kwa haraka niliyokuwa nayo niliishikiza kwa safu moja ya pleti. Niliirudia Studio kuthibitisha. Ikasimama vizuri tu, kwa sababu ndani ya Studio hakuna mvutano wa ardhi. Ukiweka tofali hewani linakaa hewani.

Siku ya kufunga paa mwanangu alisimama pembeni, kidoli mkononi, akisubiri kukiweka kwenye dirisha la juu. Nilifunga upande wa kwanza wa paa, wa pili, wa tatu. Nilipobonyeza wa nne nilisikia mlio mdogo wa pleti ikiachia, upande mmoja wa roshani ukainama, na kabla sijafikisha mkono wa pili paa lote lilishuka na roshani yake na kipande kizima cha ukuta wa chini. Mtoto hakusema neno. Alipiga magoti akaanza kuokota, akitenganisha rangi kwa rangi, na mimi nikakaa nikimtazama kwa sababu sikuwa na la kumwambia.

Gharama iliniuma, lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba kila kosa katika mlolongo ule lilikuwa na kituo chake cha kusimama na nilivipita vyote. Mstari usio na muuzaji ulikuwa kituo. Kubadili mteremko bila kuchora upya kitako kulikuwa kituo. Na roshani ningeweza kuijaribu mezani kwa dakika chache, kwa matofali mchanganyiko ya rangi yoyote, nikaweka kitu kizito juu yake nikaona.

Kwa hiyo, wadogo zangu: kabla ya kulipia, kila kipande kiwe na muuzaji katika rangi uliyoichora. Kila kinachotokeza nje ya ukuta kijengwe kwanza kwa mkono, hata kama ni nyekundu na njano na nyeupe. Na nunua kwa awamu, sehemu ngumu ikitangulia. Nauli itapanda kidogo, ilipe.

3. Pembe nane zina hesabu yake.

Naona mnabananisha kuta za mshazari hadi zinapinda. Plastiki iliyopindwa kwa nguvu hudumu hivyo kwa muda, kisha hupasuka. Ukitumia bawaba, upande ulionyooka uwe na urefu sawa na vinundu 7, na wa mshazari upite 5 kwenda pembeni na 5 kwenda mbele. Mlalo wa 5 kwa 5 ni 7.07, na tofauti hiyo ndogo matofali yanaimeza bila shida. Pima kutoka katikati ya bawaba hadi katikati ya bawaba, usipime ukingo.

Ukuta mmoja ukitaka kuuweka mshazari juu ya sakafu, tumia pembetatu ya pembe mraba ya 3-4-5, ila hesabu nafasi kati ya vinundu. Kwa vinundu vyenyewe ni 4, 5 na 6. Kuna fundi mmoja mzuri sana, mdogo kwangu kwa umri lakini ananishinda kwa madirisha, aliyehangaika na ukuta mmoja kwa sababu alihesabu vinundu 3, 4 na 5. Nilipomwonyesha alinyamaza, akabomoa, akajenga upya usiku uleule, na asubuhi picha ilikuwa imeshafika. Watu wa namna hiyo ndio wananifanya niendelee kujibu ujumbe wenu.

4. Pleti 5 zikipangwa juu kwa juu ni sawa na upana wa vinundu 2, milimita 16. Madirisha yote ya matofali yaliyolazwa ubavu yanatoka hapo, likariri.

5. Kijivu cha kabla ya mabadiliko ya rangi ya mwaka 2004 na kijivu cha sasa chenye ubluu usivichanganye kwenye ukuta mmoja, hasa ukinunua mzigo wa mtumba, na uvitenganishe mchana, karibu na dirisha.

6. Klipu za kahawia za zamani zinavunjika upesi, usizivute kwa kucha.

7. Mwamba ni sehemu ya kasri.

Hogwarts iko juu ya genge, na genge linakula matofali kuliko kuta. Hakuna sababu ya kulijaza kwa vipande vizuri. Ndani weka DUPLO, maana zinashikana na matofali ya kawaida, au BURP, zile kubwa za miamba ambazo kila mtu anazidharau. Nje ndipo uweke kazi yako ya slopu, vile vipande vya mteremko. Acha uwazi wa kuingiza mkono kutoka nyuma, siku moja kitu kitadondoka ndani.

8. Tazama majengo ya kweli.

Wengi mnanakili seti, na seti imeshapunguzwa ili itoshe kwenye boksi. Nendeni kwenye picha za majengo yaliyotumika kwenye sinema: korido za Kanisa Kuu la Gloucester zenye dari lililotanuka kwa mbavu za mawe, Kanisa Kuu la Durham, ngome ya Alnwick. Jambo moja mtaliona haraka. Kwenye majengo ya mtindo ule madirisha marefu yanakaa kati ya nguzo nene zinazoegemeza ukuta kwa nje. Mafundi wa mawe waliziweka kwa sababu ukuta wenye madirisha makubwa hauwezi kuzuia paa lisiusukume nje. Nyinyi mnaziacha mkidhani ni urembo, halafu mnashangaa ukuta wa vinundu 104 unayumba.

Nguzo hizo zitawasaidia na jambo jingine. Kasri kubwa ni lazima ligawanyike ili lipite mlangoni na kuingia kwenye gari, na kila mgawanyo unaacha mstari ukutani. Ficha mstari huo nyuma ya nguzo. Ukumbi wa 104 mimi naugawa sehemu nne za vinundu 26, nguzo kwenye kila kiungo, na pini za Technic (pini za plastiki za kuunganishia) zile zinazolegea, maana zile ngumu zitakufanya uvute hadi ukuta ukubakie mkononi. Kila sehemu iwe na sakafu yake: bezipleti tupu inapinda ukiinyanyua, kwa hiyo weka juu yake safu ya matofali kisha safu ya pleti, au uiache kabisa utumie pleti zilizopishana. Ipime kwa kuinyanyua kwa mikono miwili na kuizungusha nayo chumbani. Kama unaogopa kufanya hivyo nyumbani, barabarani haitafika.

Yule kijana wa mnara nimemjibu jana. Nimemwambia auhifadhi kwenye faili la peke yake, kwa sababu madirisha yale ni mazuri na atayahitaji, afungue faili jipya na kuanza na sakafu ya 104 kwa 36. Nanyi wengine mkitaka nitazame kazi zenu, nitumieni faili lenyewe la Studio, picha zilizorendiwa (zilizochorwa na programu) hazinionyeshi viungo. Andikeni na skeli kwenye jina la faili. Jumamosi asubuhi nakuwa na muda, siku nyingine nitachelewa kujibu.