Maswali Yenu: Nesi wa Mbagala anataka kusoma infomatiki ya afya

*Shikamoo dada. Mimi ni muuguzi kwenye kituo cha afya huku Mbagala, huu ni mwaka wa sita. Nina shahada ya kwanza ya uuguzi, GPA 3.2. Kwa kuwa naandika kwa kompyuta haraka kuliko wenzangu, mganga mfawidhi alinikabidhi MTUHA (mfumo wa taarifa za uendeshaji wa huduma za afya), na tangu hapo kila mwisho wa mwezi mimi ndiye ninayejumlisha rejesta na kuingiza takwimu kwenye DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya. Kazi hii nimeipenda. Nataka kuomba shahada ya uzamili ya infomatiki ya afya, lakini sijawahi kuandika programu hata moja, na kaka yangu ambaye ni mtu wa kompyuta anasema nitaadhirika darasani. Nina watoto wawili. Niombe vipi, kwenye maelezo binafsi niandike nini, na masomo yenyewe nitayaweza?*
*Nesi wa Mbagala*

Marahaba mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, maana nami nilianzia hapo hapo ulipo: meza ya mwisho kwenye korido, rejesta zimefunguliwa zote, kalamu nyekundu mkononi, na wenzangu wameshapanda daladala wamekwenda zao.

Nianze na kaka yako. Usimkasirikie, anakutakia heri, ila anadhani unakwenda kusomea kompyuta. Unakokwenda ni kusomea taarifa za mgonjwa: zinazaliwa wapi, nani anaziandika, zinapotea njiani kwa sababu gani, na nani anazifanyia uamuzi zikifika juu. Kompyuta ni chombo katika safari hiyo. Mwanzo wa safari, pale mama anapoketi mbele ya rejesta na mtoto mapajani, unaufahamu wewe kuliko yeye.

Hapo ndipo utakapopata cha kuandika. Nimesaidia vijana wengi kupitia maelezo yao binafsi, na tisa kati ya kumi wanaanza na jinsi walivyopenda teknolojia tangu wakiwa wadogo. Anayesoma maombi mia moja hatakumbuka hilo. Mpe tatizo moja, la kwako, ulilolishika kwa mikono.

La kwangu lilikuwa hili. Mwezi mmoja, kabla ya sensa ya 2022, dozi ya tatu ya Penta, chanjo ya watoto inayokinga magonjwa matano, ilitoka asilimia 112 kituoni kwetu. Lengo la mwezi lilikuwa watoto 50, sisi tulichanja 56. Nikapigiwa simu kwamba nimekosea kujumlisha. Nikarudia hesabu mpaka saa mbili usiku, na bado ni 56. Kesho yake nikaifungua tena rejesta ya watoto, safari hii sikuhesabu, nikasoma safu ya makazi jina kwa jina. Watoto 11 walikuwa wametoka Vikindu, ambayo ni Mkuranga, mkoa wa Pwani. Mama zao wanafanya biashara Rangi Tatu, wanapita kituoni asubuhi, mtoto anachanjwa, wanaendelea na shughuli. Ukiwaondoa wale 11 unabaki na 45, yaani asilimia 90. Kumbe kwa watoto wa eneo letu tulikuwa pungufu ya lengo kwa watano, na wageni ndio waliokuwa wanalificha pengo! Huenda wale watano walichanjwa kwingine, huenda hawakuchanjwa popote. Rejesta yetu haikuwa na namna ya kusema.

Na lengo lenyewe la 50 lilitoka wapi? Lilitokana na makadirio ya idadi ya watu yaliyojengwa juu ya sensa ya 2012, ilipohesabu watu 4,364,541 Dar es Salaam. Sensa ya 2022 ikakuta 5,383,728. Zaidi ya watu milioni moja wameongezeka katika miaka kumi, nao hawakujigawa sawasawa kata kwa kata. Mtu anayegawanya 56 kwa 50 bila kuuliza 50 imetoka wapi anaweza kupeleka dozi pungufu mahali ambapo foleni inaanza saa kumi na mbili asubuhi.

Niliandika hayo tu, kurasa moja na nusu, nikamalizia kwa kusema ninataka kujifunza nini ili nilitatue. Wewe unalo la kwako. Fungua rejesta, utalikuta. Labda ni mgonjwa mmoja mwenye kadi tatu: Khadija siku moja, Hadija siku nyingine, na safari ya tatu ameandikishwa kwa jina la mume. Labda ni siku umeme ulipokatika mkarudi kwenye daftari, na yale ya daftarini hayakuingizwa tena. Andika kwa majina ya vitu vyenu: kitabu namba 5, kadi ya kliniki, fomu ya majumuisho.

Kuhusu kuomba kwenyewe sina mengi. GPA yako inatosha. Vyuo vyetu vingi vinaanzia 2.7 kwa uzamili. Andaa vyeti, transkripti, cheti cha kuzaliwa, na wadhamini wawili. Mmoja awe mwalimu aliyekufundisha, mwingine awe mtu aliyekuona kazini, mfano mfawidhi wako au mratibu wa MTUHA wa manispaa. Waombe mwezi mzima kabla, na uwape nakala ya maelezo yako, la sivyo watakuandikia kwamba wewe ni mchapakazi na mwaminifu, jambo ambalo kila mwombaji ameandikiwa. Soma kitabu cha udahili cha mwaka huu huu wa maombi, usitegemee cha mwaka jana alichokutumia rafiki. Tena usitafute jina la kozi pekee: fani hii inakaa katikati ya nyumba mbili. Kuna watu wa tiba, kama walioko Chuo Kikuu cha Muhimbili, Upanga, na kuna watu wa kompyuta, kama walioko kampasi ya Kijitonyama ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kozi ya aina hii inaweza kulelewa na upande wowote, na ladha yake hubadilika kulingana na mlezi. Angalia orodha ya masomo na ujiulize uzito uko wapi.

Kama umeajiriwa serikalini, anza na mwajiri kabla ya chuo. Uwe umethibitishwa kazini, jina lako liingie kwenye mpango wa mafunzo, na ruhusa uipate kwa maandishi. Namfahamu mwenzetu aliyeondoka kwa ruhusa ya mdomo, alipohama aliyempa ruhusa ikawa kesi. Nalisema kwa uchungu, kwa sababu alikuwa mwanafunzi bora kuliko sisi sote na aliishia kuacha muhula wa pili.

Sasa masomo. Utakutana na takwimu, epidemiolojia (elimu ya jinsi magonjwa yanavyoenea), hifadhidata (majedwali ya taarifa ndani ya kompyuta), uchambuzi wa mifumo, viwango vya kubadilishana taarifa, sheria na maadili, halafu tasnifu. Viwango ndivyo vitakavyokuchosha mwanzoni, kwa kuwa vina majina ya herufi tupu: HL7 iliyoanzishwa 1987, FHIR iliyozaliwa humo humo, ICD-11, orodha ya kimataifa ya magonjwa, iliyoanza kutumika rasmi tarehe 1 Januari 2022. Vielewe kwa swali moja: maabara ikiandika malaria na wodi ikaandika homa, mashine mbili zitajuaje kwamba wanamzungumzia mgonjwa yule yule na ugonjwa ule ule? Katika ICD-10, toleo lililotangulia, malaria isiyotajwa aina ina kodi yake, yaani alama ya utambulisho, B54. Siku nilipoiona kodi hiyo nikakumbuka wagonjwa wote tuliowaandikia malaria bila kipimo, na nikaelewa kwamba kodi inaweza kusema hata kile ambacho daktari hakukifanya.

Programu utajifunza, usiogope. Anza leo na SQL, ambayo ni lugha ya kuiuliza hifadhidata maswali. Tengeneza jedwali mbili kwenye kompyuta ndogo ya nyumbani, moja ya wagonjwa na moja ya mahudhurio, uzijaze watu ishirini wa kubuni. Kisha uliza: nani amekuja zaidi ya mara tatu? Nani ana hudhurio la kwanza la ujauzito na hana la pili? Ukiweza hayo mawili kabla ya kuripoti chuoni, nusu ya hofu itakuwa imekwisha. Kuna pia hifadhidata ya mazoezi ya DHIS2 iliyo wazi mtandaoni, yenye ramani ya Sierra Leone. Ingia uivuruge utakavyo, hakuna mgonjwa atakayeumia. Na ujue unachokitumia kila mwezi kilitoka wapi: mradi ulianza Afrika Kusini baada ya 1994, nchi ilipotaka kuunganisha huduma za afya zilizogawanywa kwa rangi, na Chuo Kikuu cha Oslo kikaukuza hadi ukafika nchi zaidi ya 70. Ulianza na wilaya na vituo kama chako.

Takwimu ndizo zilizonitoa jasho mimi. Muhula wa kwanza alama zangu zilikuwa za chini, na kilichoniinua ni kundi la watu wanne tuliokaa kila Jumamosi kwenye kibaraza cha maktaba: daktari mmoja, vijana wawili wa kompyuta, na mimi. Wao walinifundisha kuandika programu, mimi niliwaeleza kwa nini nesi hajazi sehemu kumi na nane wakati wagonjwa arobaini wanasubiri. Hakuna aliyemzidi mwenzake. Tafuta kundi la namna hiyo wiki ya kwanza.

Kuhusu watoto, sitakudanganya. Kutoka Mbagala hadi mjini na kurudi, barabara ya Kilwa itakula saa zako. Mimi nilihamishia kusoma alfajiri, saa kumi hadi kumi na mbili, na mama yangu mkubwa alikuja kukaa nasi mwaka mzima wa kwanza. Kaa na wa nyumbani kwako mapema, mpange nani anampeleka nani shule, nani anapika siku za mtihani. Kaka yako naye mpe zamu. Akufundishe SQL kila Jumapili jioni, atabadilika mwenyewe.

*Dada, mimi ni kijana wa Sinza, nina shahada ya sayansi ya kompyuta na nimeshatengeneza mfumo wa duka la dawa. Je, naweza kudahiliwa bila kusoma udaktari? Na nikipata ufadhili wa Uingereza niuchukue?*

Ndiyo, kozi nyingi za aina hii zinapokea watu wa pande zote mbili, wa afya na wa kompyuta. Lakini kabla ya kuomba, nenda ukaombe ruhusa ya kukaa siku tatu kwenye zahanati, mapokezi, bila kompyuta. Hesabu ni mara ngapi mhudumu mmoja anaandika jina la mgonjwa mmoja: kwenye kadi, kwenye rejesta, kwenye fomu ya maabara, kwenye risiti. Nimeona mfumo wa gharama kubwa ukiachwa kwenye vumbi ndani ya mwaka, kisa ulimwongezea nesi mahali pa tano pa kuandika. Aliyeutengeneza alikuwa hodari, tatizo hakuwahi kukaa pale.

Ufadhili wa Chevening, ule wa serikali ya Uingereza, unadai saa 2,800 za kazi baada ya shahada ya kwanza, karibu miaka miwili, na ukimaliza lazima urudi nyumbani ukae walau miaka miwili. Mwanangu, kama saa hizo unazo, omba. Ukirudi, peleka cheti chako TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, kitambuliwe mapema, usisubiri mpaka siku ya usaili.

*Niko mwaka wa pili, tasnifu yangu inahusu kadi za wajawazito zinazojirudia. Hospitali imekubali kunipa data, lakini wamenitumia faili nzima kwa WhatsApp, ina majina na namba za simu. Nifanyeje?*

Usilifungue tena, na usimtumie yeyote, hata msimamizi wako. Mwandikie aliyekutumia leo hii, umweleze kwamba limekuja na utambulisho wa wagonjwa, alifute upande wake nawe ulifute upande wako, pamoja na nakala iliyojihifadhi yenyewe kwenye simu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kufanya kazi tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti.

Najua utafiti wako unahitaji majina, kwa kuwa bila jina huwezi kujua kwamba Asha na Aisha ni mama mmoja. Basi ulinganishaji ufanyike hospitalini, kwenye kompyuta yao, na mtu wao akiwa pale. Wewe utoke na namba za kubuni tu: mama 001 ana kadi mbili, mama 002 ana moja. Utaratibu huo uuandike kwenye pendekezo lako la utafiti. Kama kibali cha maadili ulichopewa hakiusemi, rudi kwenye kamati ukaombe marekebisho kabla hujagusa rekodi nyingine. Utachelewa wiki kadhaa. Wale mama waliacha namba zao za simu kliniki ili wapigiwe tarehe ya hudhurio ikifika, na hawakumpa mtu mwingine yeyote.