Jibu: Wewe nyumbani, mwenzako biro (ofisini)

Yaya, umeuliza kwa nini wewe ulifurahi kuruhusiwa kufanyia kazi nyumbani, huku mwenzako wa meza ya pili akinuna kama aliyefukuzwa. Tabia ina sehemu yake. Kuna mtu kelele za biro humchosha, na kuna asiyeamka vizuri mpaka apige soga.

Ila mtu hajijui mpaka ajaribu. Kule China, kampuni ya usafiri Ctrip ilifanya jaribio la miezi 9, 2010 hadi 2011. Wapokea simu waliokaa nyumbani utendaji wao ulipanda kwa 13%, lakini baadaye karibu nusu waliomba kurudi. Upweke! Na walikuwa wamejitolea wenyewe.

Mimi naona desturi ya biro ina nguvu kuliko tabia. Nilifanya kazi mahali fulani hapa Lubumbashi ambako asubuhi unapeana mkono na kila mtu, kuanzia mlinzi hadi shefu. Nilikaa nyumbani Katuba majuma mawili, kazi ikienda vizuri tu. Kurudi, nakuta mafaili ya mwenzangu juu ya kiti changu, na safari ya Likasi kapewa yeye. Hakuna aliyenigombeza.

Kwa hiyo chunguza shefu wako anapima nini: kazi iliyotumwa, au kichwa kilicho kwenye kiti? Mwombe akuandikie kazi za juma. Zitume Ijumaa mapema (umeme haungoji mtu), na Jumatatu nenda ukasalimie.